Msitu wa kijiji si msitu usio na mwenyewe

Kila zinapoenea taarifa za msitu wa kijiji kuvamiwa na wachoma mkaa, hurudi hoja ileile kwamba misitu hiyo ingekuwa salama zaidi mikononi mwa serikali kuu, kwa kuwa serikali ya kijiji haina magari, wala silaha, wala mishahara ya askari. Hoja hiyo si ya kubezwa, ila inairuka takwimu moja. Tathmini ya kitaifa ya misitu iliyotolewa mwaka 2015 ilionesha kuwa Tanzania Bara ina hekta zipatazo milioni 48 za misitu, na kwamba takriban asilimia 46 yake imo katika ardhi ya vijiji. Hiyo ni karibu nusu ya misitu yote, na sehemu kubwa yake haijatengwa kisheria kuwa hifadhi. Ni askari wangapi wa serikali kuu wangetosha kuizunguka?

Kijiji hakinunui ardhi ili kuihifadhi. Huitenga ile iliyo yake tayari. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, halmashauri ya kijiji hupendekeza eneo, mkutano mkuu ukaridhia, kisha hufuata mpango wa usimamizi na sheria ndogo. Jambo linalosahaulika ni kwamba kijiji chenye msitu wa namna hiyo kinaweza kuvuna kwa mpango na kubaki na mapato yake. Kilwa, ambako vijiji kama Kikole na Kisangi viliingia katika cheti cha kimataifa cha uvunaji endelevu mwaka 2009, gogo la mpingo lililopimwa, likagongwa alama ya uhalali kwa nyundo na kukatiwa stakabadhi huingiza fedha katika mfuko wa kijiji. Likipita usiku kwa njia za panya, anayeibiwa ni kijiji kizima.

Duru-Haitemba, wilayani Babati, ilitangulia hata sheria hizo. Serikali ilipokusudia kuufanya msitu huo wa miombo kuwa hifadhi yake mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanavijiji waliupinga mpango huo. Wakaachiwa, wakaweka sheria ndogo zao na walinzi wao wenyewe.

Upande wa pili una uzito wake. Upimaji na mpango wa matumizi bora ya ardhi hugharimu fedha ambazo vijiji vingi hupata kwa wafadhili tu. Wapo pia viongozi wanaouza miti kwa mlango wa nyuma, ingawa dawa yake inajulikana: mapato na matumizi yasomwe katika kila mkutano mkuu. La wafugaji ndilo gumu zaidi. Mipaka ikichorwa katika kikao ambacho hawakuitwa, mtu aliyekuwa akipitisha ng'ombe wake humo kila kiangazi huamka akiitwa mvamizi, na sheria ndogo iliyopitishwa kwa halali kabisa ndiyo itakayomtoza faini. Njia za mifugo na malisho ya kiangazi yanapaswa kuwekwa kwenye ramani kabla ya alama za mpaka kusimikwa, nao wafugaji wenyewe wakiwapo.