Kama keshajichagulia, mimi nampa nini?

Jumamosi ya wiki iliyopita nilikwenda na binti yangu kwenye duka la vitu vya kuchezea hapa Hamburg. Mwenzake wa darasani alikuwa anatimiza miaka minane, nasi tumealikwa. Muuzaji akauliza jina la mwenye sherehe, akaingia ndani, akatoka na kapu. Kapu lina kikaratasi chenye jina la mtoto, na ndani yake vitu alivyokuja kujichagulia mwenyewe: farasi wa plastiki, kalamu za rangi, karata. Wewe unanyanyua kimoja, unalipa, unafungiwa. Dakika tano umemaliza.

Binti yangu akalitazama lile kapu, akanigeukia: "Mama, kama keshajichagulia, mimi nampa nini?"

Nililipia kalamu tukatoka, lakini swali lile limenikaa kooni mpaka leo.

Najua faida ya kapu. Hakuna zawadi mbili zinazofanana, hakuna pesa inayokwenda bure. Ila mtoto anayetoa kanyang'anywa kazi yote ya kutoa. Utamu wake uko kwenye kumuwaza mwenzio: anapenda nini, atashtuka vipi, nikifiche wapi asikione. Hiyo kazi hapa kaimaliza mpokeaji.

Utamu huo binti yangu aliuonjea Tanga. Mwaka 2025 likizo ya shule ya Machi iliangukia ndani ya Ramadhani, tukaenda kwa mama yangu, Makorora. Kabla ya safari, miezi mizima alikuwa akinisikia naongea na bibi yake kwenye simu, mara bibi anakatisha: "Umeme umekwenda, ngoja nitafute mshumaa." Mtoto akadunduliza pesa yake ya kila wiki, yuro mbili mbili, akanunua tochi. Hakutaka niiweke kwenye sanduku. Aliibeba kwenye begi lake la mgongoni njia nzima, na kila tulipobadilisha ndege aliingiza mkono kuipapasa.

Tulivyofika, mnajua wenyewe. Masanduku hayajatua chini, mikono ishajaa. Huyu aliagiza simu, huyu viatu namba arobaini na tatu, yule manukato aliyonitumia mpaka picha ya chupa. Katikati ya vurugu hiyo mtoto akamsogezea bibi yake kile kifurushi, na shangazi mmoja akasema kwa sauti, "Tochi? Kutoka Ujerumani?" Nilimwona mwanangu akirudisha mkono.

Mama yangu akaudaka ule mkono. Akafungua karatasi taratibu bila kuichana, akaikunja, akaifunga kwenye pindo la kanga yake. Usiku wa daku umeme ukakatika, na nyumba nzima ikasikia, "Mke mwenzangu yuko wapi? Njoo unimulikie nipakue." Mtoto akatangulia na tochi yake, bibi nyuma na sufuria, hatua kwa hatua mpaka mkekani. Sijapata kumwona ametembea vile, shingo imenyooka. Tangu siku hiyo ikawa kila magharibi ikikaribia yeye ndiye wa kwanza kushika sahani za futari kupeleka kwa majirani. Sahani ikirudi na tende au kipande cha papai, anaanza kupiga kelele tangu mlangoni.

Nishawasikia mnaosema, "Kakaa Ulaya miaka tisa, sasa sisi ombaomba." Hapana. Hizo kilo 23 za mzigo wa ndege nimezibeba na nitazibeba tena. Na msiniambie kwamba shida ndiyo inayoagiza, nimekulia humo humo. Mwenye mtoto wa kulipiwa ada aniambie, hiyo ni haki ya ndugu kwa ndugu. Lakini agizo lenye namba ya kiatu na picha ya chupa ni lile lile kapu la Hamburg, tofauti yake halina kikaratasi. Tukaongeza na kadi za michango ya harusi zinazokuja na kiwango kabisa! Watu tuliofundishwa na bibi zetu kwamba sahani ya jirani hairudi tupu, leo tunapangiana cha kutoa, halafu tunashangaa watoto wanaona kutoa ni adhabu.

Inaniuma kwa sababu sisi tulikuwa nacho. Mjerumani simlaumu sana, anafuata utaratibu wake na mambo yake yanakwenda. Sisi tunakiacha kitu chetu huku tunakiona.

Sherehe imefanyika jana. Binti yangu alikwenda na zile kalamu za kapuni, lakini ndani ya karatasi alichomeka kikuku cha shanga alichokitunga siku tatu, bluu na nyeupe, kwa sababu mwenzake hana rangi nyingine anayoipenda. Nilipokwenda kumchukua, keki hakuitaja. Hata viatu hajamaliza kuvaa, keshanishika mkono: "Mama, kakivaa. Kakivaa palepale."