Ha-ha, na hapana sicheki

Jamani kingereza changu sio kibovu kihivyo, naomba hilo lieleweke kabla sijaanza.

Mwezi wa tano nilikuwa Uingereza kwa shemeji, akaniburuta kwenye matembezi ya kikundi na gaidi (gaidi wa watalii, sio yule mwingine), mnazunguka eneo la lodi fulani wa zamani, jumba kubwa kama bunge, msitu, wanyama, mnatembea mpaka viatu vinaomba po.

Gaidi wetu mzee wa rika la babu, fimbo mkononi, anaongea taratibu kama anakupa siri ya mirathi. Na msituni kweli kuzuri, sikatai, maua ya bluu yametanda chini ya miti mpaka unaona aibu kukanyaga. Ila tukasimamishwa kama dakika kumi tunaangalia shimo. Shimo tu! La mnyama mmoja ana milia usoni, ndugu wa mbali wa nyegere, ambaye mzee mwenyewe kasema anatoka usiku, na hiyo ilikuwa saa tano asubuhi. Watu wazima na akili zao wanapiga picha shimo. Nikawadharau kimoyomoyo. Mtaona.

Tukatokea kwenye nyasi mbele ya jumba, mzee akanyanyua fimbo: "Jihadharini na ha-ha!"

Mimi nikajua mzaha. Nikacheka. Sijauelewa lakini si mnajua kile kicheko cha heshima unachomchekea baba mkwe, basi ndo hicho. Mzee akanikazia macho, akarudia polepole, "Ha-ha. Hapo nyuma yako." Nikasema moyoni huyu babu leo kachangamka, nikacheka zaidi na makofi nikapiga, shemeji yuko mbele huko anapiga stori na mama mmoja mwenye mbwa wala hana habari.

Sasa nikataka picha jumba lote liingie. Nikarudi hatua moja nyuma. Halijaingia. Nikarudi ya pili, bado kona moja, nikarudi ya tatu, ardhi haikuwepo.

Ndugu zangu, ha-ha ni mtaro. Matajiri wa karne ya 18 walitaka kukaa sebuleni waangalie malisho mpaka macho yachoke bila uzio kuwakatizia, na hapohapo hawataki ng'ombe aje kula maua, wakachimba mtaro, upande wa nyumba ukuta wima, upande wa malisho mteremko, yaani ukiwa juu kwenye nyasi unaona kijani kitupu. Jina nalo wanasema ni ule mshtuko, kuna Mfaransa aliandika tangu mwaka 1709 kwamba mtu akiufikia ghafla atasema "ah! ah!" Mimi sikusema ah. Mimi nilimwita mama.

Chini kuna majani yanawasha, upupu una nafuu. Shemeji akachungulia, "Shem! Uko hai?" Nikajaribu kupanda, ukuta umenipita kichwa, mawe yamenyooka hakuna pa kushika, ulijengwa kuzuia ng'ombe na mpaka leo unafanya kazi. Geuka nyuma, kondoo wamejipanga wanatafuna wananiangalia kama mgeni aliyechelewa msosi. Yule mama wa mbwa akanirushia jani pana nijisugue, wanadai ndo dawa ya kuwashwa. Nimesugua mpaka jani likaisha, mkono bado moto.

Kikundi chote kikaja kusimama ukingoni, simu juu, wanaangalia shimo.

Mzee akafika. Akanitazama kwanza kama nimevunjika, alipoona mzima akawageukia wenzake kwa ile sauti yake ya mirathi: "Na hii sasa ndiyo ha-ha. Naomba wote mrudi nyuma hatua kumi." Nikasikia nyasi zinakanyagwa. "Mnamwona?"

"Hatumwoni!"

"Safi. Ndiyo kazi yake."

Wakapiga makofi wallahi. Mimi nikapanda mteremko pamoja na kondoo kutafuta geti, na walikuwa mbele yangu maana wao wanapajua.

Picha yenyewe nimekuja kuiangalia usiku, ni wingu na kidole gumba changu. Ya shemeji ndo imetoka vizuri, iko kwenye grupu la ukoo.