Kima wa Barazani, Nyani wa Shambani

Miongoni mwa wageni walioamua kuishi nasi hapa Diani, Kwale, pwani ya Kenya, wengi wao wakiwa Waingereza, Wajerumani, Waitaliano na Waswisi waliostaafu au wenye biashara za utalii, ipo kauli inayorudiwa kila mazungumzo yanapofika kwa wanyama: kwamba wenyeji hawana huruma na viumbe, na kwamba hayo ni mambo ya utamaduni. Wanaosema hivyo hawana nia mbaya, na baadhi yao wamefanya kazi kubwa kuliko wengi wetu katika kuwahifadhi wanyama hao. Hata hivyo, naamini wamekosea katika kuitaja sababu. Tunachotofautiana juu ya kima, nyani na kunguru hakihusu sana nani ana moyo laini na nani ana moyo mgumu. Kinahusu ni nani anayebeba hasara ya mnyama huyo, na ni nani mwenye sauti ya kuamua yupi aitwe msumbufu na yupi aitwe urithi wa dunia.

Nianze na shamba. Ukiipa bahari mgongo, ukapita Ukunda na kupanda hadi Mkongani na Lukore ukingoni mwa hifadhi ya Shimba Hills, utakuta mahindi, mihogo, minazi na miembe, na utakuta watu wanaomjua nyani kwa undani ambao mtalii hatakaa aupate. Nyani huja kwa kundi, alfajiri au wakati ule wa jua kali ambapo watu wamejipumzisha kivulini, na likipata nafasi fupi tu, kundi hilo huliacha shamba la mahindi mabichi limelala chini, kwa kuwa nyani hali hindi moja akalimaliza. Huling'ata, hulitupa, akavunja jingine. Wanawake wa huko watakueleza kwamba nyani humtambua mwanamke na hamkimbii kama anavyomkimbia mwanamume, hivyo mama aliye peke yake shambani hupiga debe na kupayuka huku mwizi akimtazama tu. Usiku ni zamu ya nguruwe mwitu kwenye mihogo, na juu ya mnazi komba naye anakunywa tembo kwenye kibuyu cha mgema, jambo ambalo huchekesha kila mtu isipokuwa mgema mwenyewe.

Dawa ya nyani ni moja, nayo ni ya tangu zamani: kukaa shambani. Mbegu zinapochipua lazima awepo mtu wa kuamia, na mahindi yanapoanza kubeba lazima awepo mtu juu ya dungu, lile jukwaa la kulindia shamba, tangu kucha hadi kuchwa. Mtu huyo mara nyingi ni mtoto, na mtoto aliye dunguni hayuko darasani. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 iliahidi fidia ya shilingi 5,000,000 kwa familia ya aliyeuawa na mnyama, na ikaweka utaratibu wa fidia kwa mali iliyoharibiwa, lakini madai hukaa miaka mingi yakisubiri fedha, na mimi binafsi sijakutana na mkulima aliyelipwa hata senti kwa mahindi yaliyoliwa na tumbili. Siku ambazo watoto wamezipoteza wakilinda hazimo katika hesabu ya serikali wala ya mfadhili yeyote. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Sasa turudi ufukweni, kwenye nyumba zenye bustani na bwawa la kuogelea, ambako kima huteremka kutoka mkwajuni na kuketi barazani mikono ikiwa juu ya magoti, na mwenye nyumba anampa ndizi. Naielewa furaha hiyo, maana kima ni mzuri na macho yake yana udadisi unaovutia. Tatizo ni kwamba kima aliyezoea kulishwa hujifunza kuwa mkono wa binadamu una chakula, na siku mkono ukiwa mtupu hukasirika, humng'ata mtoto wa mpishi, huingia jikoni kwa jirani ambaye hakuwahi kumpa chochote, na hatimaye hugeuzwa mhalifu kwa tabia aliyofundishwa na waliompenda. Hoteli nyingi za pwani hii zimeajiri askari wa kima, kijana wa hapahapa mwenye manati, anayesimama karibu na meza za kiamshakinywa ili mgeni ale mayai yake kwa amani. Kijana huyo akifanya kazi hiyo hotelini ni mfanyakazi mwenye sare. Akirudi nyumbani jioni na kuitumia manati ileile kulinda mihogo ya mama yake, anahesabiwa miongoni mwa wale wasio na huruma.

Mnyama anayesifiwa kuliko wote hapa Diani ni mbega, yule mweusi mwenye manyoya meupe mabegani. Taasisi ya Colobus Conservation, iliyoanzishwa mwaka 1997 kwa juhudi kubwa za wageni wakazi, imening'iniza ngazi za kamba juu ya barabara ili mbega wavuke bila kugongwa na magari, na kwa kazi hiyo inastahili shukrani isiyo na masharti. Lakini tujiulize kwa nini mbega ndiye aliyekuwa nembo. Mbega hula majani zaidi. Tumbo lake limegawanyika vyumba mfano wa la ng'ombe, nalo huyachachusha majani hayo taratibu, kiasi kwamba matunda mabivu yenye sukari nyingi humdhuru. Hana haja na ndizi ya barazani, na mahindi ya Mkongani hayamvutii. Kumpenda mnyama ambaye hana shida na chakula chako si mtihani mkubwa wa huruma.

Unguja mtihani ulikuwa mgumu kidogo. Kima punju wa Jozani, ambaye ni mbega mwekundu, hula nazi changa katika mashamba yanayopakana na msitu, na wakulima walilalamika kwa miaka mingi kwamba anawamalizia mavuno. Watafiti Kirstin Siex na Thomas Struhsaker walipochunguza suala hilo, katika kazi iliyochapishwa mwaka 1999, waliona kwamba minazi iliyoliwa zaidi nazi zake changa ilikuwa na mavuno makubwa badala ya madogo, labda kwa sababu kupunguzwa kwa nazi changa kunazipa nafasi zile zinazobaki. Nautaja utafiti huu kwa makusudi, kwa sababu unaonyesha kwamba mkulima pia anaweza kumsingizia mnyama. Lakini huko Jozani hawakuishia kumwambia mkulima kuwa amekosea. Sehemu ya kiingilio cha watalii ilianza kuwafikia watu wa vijiji vinavyopakana na msitu, na pakawa na jambo la kuzungumza.

Anayeivuruga kabisa hoja ya utamaduni ni kunguru. Kunguru wa Bara Hindi alifikishwa Unguja katika miaka ya 1890, na inaelezwa kwamba alitarajiwa kusafisha taka za mji. Mombasa alianza kuonekana mwaka 1947, na leo amejaa kuanzia Lungalunga hadi Malindi. Mwezi Juni 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya lilitangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru milioni moja kabla ya mwaka kwisha, kwa sumu iitwayo Starlicide, na miongoni mwa walioushangilia mpango huo kwa sauti kubwa ni wenye hoteli na wahifadhi wa Watamu na Malindi, wakiwemo wageni wakazi walewale ambao humkemea mtoto anayemrushia tumbili jiwe. Mimi nauunga mkono mpango huo. Kunguru huyu hula mayai na makinda ya ndege wa kienyeji, huwabeba vifaranga wa kina mama vijijini, na huchafua kila kilicho wazi. Lakini hakuna aliyesema kwamba wenye hoteli hawana huruma, wala hakuna aliyeutaja utamaduni wao. Ilikubalika mara moja kwamba mnyama akizidisha madhara, wenye kudhurika wana haki ya kujitetea. Haki hiyohiyo ndiyo anayoidai mtu wa Lukore, na yeye hata hana milioni moja ya kuua. Anataka kundi moja la nyani lihame. (Sitaki kuchokoza kwa kukumbusha kwamba kunguru huyu naye ni mgeni mkazi aliyekuja kwa meli akaona pwani inamfaa.)

Kwa Waislamu wa pwani, kunguru yumo katika wale watano ambao hadithi ya Mtume (s.a.w.) inaruhusu wauawe hata ndani ya eneo takatifu la Makka, pamoja na mwewe, nge, panya na mbwa mkali. Hadithi nyingine humtaja mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia bila kumpa chakula wala kumwacha ajitafutie. Mtoto wa madrasa hufundishwa zote mbili, na haoni mgongano: kuna kiumbe anayezuiwa kwa sababu anadhuru, na kuna ukatili ambao hauna udhuru. Na Wadigo, kabla ya neno uhifadhi halijaanza kutumika, walikuwa na kaya, misitu yao mitakatifu. Kaya Kinondo, hatua chache kutoka hoteli za Diani, ilibaki msitu kwa sababu wazee walikataza kukata hata ufito, na ni mojawapo ya misitu ya kaya iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008. Mbega wanaoishi humo hawakuokolewa na mtu aliyetoka nje.

Hilo halina maana kwamba tuko safi. Bundi huuawa kijijini kwa sababu ya uchawi anaodhaniwa kuubeba, na kila bundi anayekufa huwaacha hai panya ambao watakula mahindi ghalani. Hapo mgeni akitulaumu, tunyamaze na kumsikiliza. Vijana wanaompiga kima manati kwa mchezo tu, shambani kukiwa hakuna kitu, hawana hoja. Kuhusu nyoka nina msimamo wa katikati. Huko Watamu kituo cha Bio-Ken, kilichoanzishwa na marehemu James Ashe, kimefanya kazi nzuri ya kuwachukua nyoka majumbani na kuwafunza watu na wahudumu wa afya. Lakini Shirika la Afya Duniani liliiingiza sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika mwaka 2017 tu, na katika zahanati nyingi za ndani dawa ya sumu hiyo ni ya kusikia. Mtu anayeishi mahali ambapo kuumwa na moma kunaweza kumaanisha kupoteza mguu hawezi kulaumiwa kwa kumuua moma aliyemkuta chini ya kitanda cha mwanawe. Aliye na gari langoni na bima ya ndege ya wagonjwa anaweza kusubiri mtaalamu aje na fimbo yake.

Na huko walikotoka wageni hawa, mambo yakoje? Ujerumani ilikaa zaidi ya karne bila mbwa mwitu wa Ulaya (wolf) wanaozaliana, kisha mwaka 2000 wakaonekana watoto wa kwanza wa mbwa mwitu huko Saxony, karibu na mpaka wa Poland. Watu wa mijini walifurahi. Wafugaji wa kondoo waliandamana, wakaomba fidia, wakaomba ruhusa ya kupiga risasi, na walitumia karibu maneno yaleyale yanayosikika Kwale. Mwezi Septemba 2022 mbwa mwitu alimuua farasi mdogo aitwaye Dolly, aliyekuwa mali ya Ursula von der Leyen, Rais wa Kamisheni ya Ulaya. Siwezi kusema kwamba farasi huyo ndiye aliyebadilisha sera, ila Desemba 2024 nchi za Mkataba wa Bern, ule wa kuhifadhi wanyamapori wa Ulaya, ziliridhia pendekezo la Umoja wa Ulaya la kumteremshia mbwa mwitu daraja la ulinzi. Waingereza nao humtega na kumuua kindi wa kijivu, aliyeletwa kutoka Marekani katika karne ya 19, ili kumwokoa kindi mwekundu wa kwao. Mfugaji wa Saxony na mkulima wa Lukore wangeelewana kwa haraka zaidi kuliko kila mmoja wao anavyoelewana na mtu wa mjini wa nchi yake, na ndiyo maana nasita kila ninaposikia neno utamaduni likitumika hapa.

Ningewaomba wageni majirani zetu mambo machache, nao ni watu wa kuelewa. Waache kumlisha kima, na wafunike mapipa ya taka, kwa kuwa ndizi ya barazani hulipwa na jirani asiye na ukuta wala askari. Wanapoitisha mikutano ya wakazi kuhusu wanyama, waifanye kwa lugha ambayo mgema na mwenye shamba la Bongwe wanaweza kuichangia, maana mpaka sasa wanaozungumza sana ni wenye mabaraza. Na anayetoa mchango wa ngazi za mbega, ambazo naziunga mkono, aongeze mchango wa mlinzi wa dunguni kule Mkongani: mtu mzima, anayelipwa, tangu mahindi yanapotoa ndevu hadi yanapovunwa.