Wanne mezani, kila mtu na safari yake

Nimecheza The Witcher Adventure Game mara nyingi kuliko unavyostahili, na bado nikiulizwa mle ndani huwa tunafanya nini sisi wanne, nabaki kutafuta maneno. Ukweli ni kwamba hatufanyi chochote pamoja.

Mchezo ulitoka 2014, wa mezani na wa kompyuta, kazi ya mbunifu Ignacy Trzewiczek, juu ya ulimwengu wa kubuni wa hadithi za The Witcher. Mnacheza wawili hadi wanne, kila mmoja na mhusika wake: Geralt mwindaji wa mazimwi, Triss mchawi, Yarpen mbilikimo au Dandelion mwimbaji. Kila zamu una vitendo viwili. Unasafiri, unachunguza, unakusanya madokezo, madokezo yanageuka ushahidi, ushahidi unamaliza kazi, kazi inakupa pointi. Wahusika wenyewe wametofautishwa vizuri, hilo silikatai. Dandelion anaimba apate dhahabu, na kumcheza ni raha.

Ila mimi niko kusini naokota madokezo, wewe uko kaskazini unapambana na zimwi, na sina la kukufanyia, liwe jema au baya. Zipo kazi ndogo za kusaidiana, lakini ni nani atakayeacha njia yake kwa pointi chache?

Mezani kasoro hii hujificha. Mwenzako akirusha dadu mnamzomea, kadi mbaya anaisoma kwa sauti ya huzuni ya kuigiza, mtu anakwenda kuchemsha chai. Waliouhamishia kwenye kompyuta walihamisha ubao, kadi na dadu. Zile kelele hazikuhamishika, na hakuna kilichowekwa mahali pake. Kilichobaki ni kusubiri. Nakaa natazama dadu za mtu mwingine zikibingirika kwenye pambano lisilonihusu, halafu za wa tatu, halafu za wa nne.

Majeraha ndiyo yanayoniuma zaidi, kwa sababu wazo lake ni zuri. Ukiumia, jeraha unaliweka juu ya kitendo kimojawapo, na hicho hukifanyi tena mpaka upone. Safi kabisa. Lakini kuna siku Geralt wangu alikula kipigo mara mbili mfululizo kwa dadu mbovu tu, nusu ya zamu ikaishia kupumzika, nikasubiri mzunguko mzima, nikarudi, nikapigwa tena. Mwindaji mashuhuri wa mazimwi, na kazi yake kubwa jioni ile ilikuwa kulala.

Na visa vyenyewe? Kadi ya kazi inaanza na simulizi ya kuvutia, lakini baada ya zamu chache humkumbuki aliyerogwa wala aliyemroga. Unakumbuka kwamba umepungukiwa ushahidi mmoja wa rangi nyekundu. Ulimwengu wa Geralt unajulikana kwa maamuzi yasiyo na jibu safi. Humu naamua rangi ya kuokota.

Siku hizi nacheza peke yangu dhidi ya kompyuta. Zamu zinakwenda haraka zaidi, na wale wenzangu watatu wala sijaona pengo lao.