Nani Ashike Laringoskopu?

Daktari aliye kwenye mafunzo kwa vitendo katika hospitali ya rufaa, iwe Mbeya au Iringa, anajua kwamba kesho anaweza kupangiwa Makete au Ileje, ambako usiku wa manane huenda asipate bingwa wa usingizi wa kumwita. Wanaotaka ajifunze mapema kumwekea mgonjwa mpira wa kupumulia kooni kwa laringoskopu, kifaa chenye taa cha kuonea ndani ya koo, huanzia hapo, na hoja yao ni nzito. Utafiti wa Konrad na wenzake wa mwaka 1998 ulionyesha kwamba anayejifunza huhitaji kujaribu mara 57 hivi ili afikie ufanisi wa asilimia 90, na mazoezi ya sanamu peke yake hayamfikishi huko.

Wanaopinga nao wana haki. Mgonjwa aliyepewa dawa ya kulegeza misuli hapumui mwenyewe, na kila jaribio linaloshindikana huweza kuvimbisha koo na kulifanya linalofuata kuwa gumu zaidi. Tena Mbeya iko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, ambako hewa ni nyepesi, kwa hiyo zile dakika tatu za kumvutisha mgonjwa oksijeni kabla ya dawa zisifupishwe hata kama foleni ya upasuaji ni ndefu.

Kwa maoni yangu, mwanafunzi ashike laringoskopu, ila baada ya kuthibitika kwamba anaweza kumpumulisha mgonjwa kwa barakoa na mfuko, kwa kuwa mpira ukigoma kuingia, hiyo ndiyo itakayomweka mgonjwa hai. Msimamizi naye awe begani kwake. Kosa la kawaida la mgeni ni kuegemeza laringoskopu kwenye meno ya juu badala ya kuinyanyua kuelekea mbele. Aliye karibu huliona mara moja, na kwa kubonyeza koromeo kwa nje anaweza kuzileta nyuzi za sauti machoni pa mwanafunzi, jambo ambalo anayejaza fomu pembeni hawezi kulifanya. Mwongozo wa Uingereza wa 2015 kuhusu mpira unaogoma kuingia uliruhusu majaribio matatu, na la nne likawa la mwenye uzoefu zaidi. Kwa anayeanza, mimi ningekomea mawili, na kiwango cha oksijeni ambacho kikifikiwa jaribio linasitishwa kitajwe kwa sauti kabla dawa haijachomwa.

Linalopitwa haraka na pande zote mbili ni ridhaa. Mgonjwa wa upasuaji wa kupangwa aambiwe jana yake, kwa Kiswahili chepesi, kwamba anayejifunza atashiriki na nani atamsimamia, naye akikataa, apewe huduma ileile bila kununiwa.