Nilivyosonywa Istanbul

Ratiba ya ziara yetu ya wanafunzi mjini Istanbul ilichapwa kwenye karatasi moja, pande zote mbili, kwa herufi ndogo. Siku ya pili peke yake ilikuwa na Hagia Sophia, Msikiti wa Sultan Ahmed, birika kuu la chini ya ardhi lenye nguzo 336, makumbusho ya akiolojia, kisha kuvuka maji kwenda Kadıköy, mtaa wa upande wa Asia, kwa chakula cha jioni. Katikati ya yote hayo palikuwa na mstari mmoja ulioandikwa "mapumziko, dakika 15". Mhadhiri aliyeipanga alikuwa mtu mwema. Alijua gharama ya kutufikisha pale na hakutaka hata senti moja ipotee bure. Namwelewa. Lakini nikijiuliza leo nilitoka na nini katika mji ule, karibu vyote havikuwa kwenye karatasi yake.

Chukua Hagia Sophia. Kiongozi wa watalii alitumwagia kila kitu: mfalme Justinian, ujenzi wa miaka mitano uliokamilika mwaka 537, Waosmani walioutwaa mji mwaka 1453 na kuligeuza kanisa kuwa msikiti, kisha makumbusho tangu 1935. (Wakati ule bado lilikuwa makumbusho, mwaka 2020 likarudi kuwa msikiti.) Niliyaandika yote daftarini. Ni mambo ambayo ningeweza kuyasoma nikiwa nimejilaza kitandani.

Nilichokiona kwa macho yangu nilikiona kwa sababu kamba ya kiatu ilifunguka. Tulikuwa ghorofani, wenzangu wakatangulia, nikainama kufunga. Nilipoinuka nikakuta mlinzi ananionyesha kwa kidole ukingo wa marumaru. Juu yake pana mikwaruzo, kama mtoto alikuwa akijaribu kisu. Ni herufi za kale za watu wa Skandinavia, na kinachosomeka ni jina tu, Halvdan. Mengine yamesagika. Inadhaniwa alikuwa mmoja wa askari wa kaskazini waliowalinda wafalme wa Bizanti, dola iliyoutawala mji kabla ya Waosmani. Nikamwona: kijana aliye mbali na kwao, amesimamishwa kwenye ibada ya lugha asiyoielewa, miguu inamuuma, anachora jina lake taratibu asije akaonekana. Justinian sikuwahi kumwelewa. Huyu nilimwelewa papo hapo.

Mpaka nashuka, kundi lilikuwa limeshanipotea, na simu imezima kwa kukosa chaji.

Nilijua tunaelekea Kadıköy, na kwamba feri zinaondokea Eminönü, basi nikafuata njia ya tramu hadi majini. Eminönü magati yamepangana kama madirisha ya benki, kila moja na safari yake. Mlangoni pa gati moja alisimama mzee aliyevaa koti la wafanyakazi wa feri. Nikamsogelea kwa heshima zote na kumwuliza neno pekee nililokuwa nalo: "Kadıköy?"

Hakusema kitu. Alinyanyua nyusi, akarudisha kichwa nyuma kidogo, na ulimi wake ukagonga meno: tsk.

Aliyelelewa katika Kiswahili hahitaji kuelezwa sauti ile. Nimesonywa. Mzee mzima, mbele za watu, ananisonya mimi mgeni niliyeuliza kwa adabu! Damu ikanichemka. Nikagusisha kadi ya nauli, nikapita mbele yake bila kumtazama, nikapanda feri nimenuna mpaka mashavu yanauma.

Waliowahi kuishi Uturuki najua wameshaanza kucheka. Kule, kunyanyua nyusi na kugonga ulimi ni jibu kamili: hapana. Mzee alinijibu kwa ufasaha kabisa kwamba feri ile haiendi Kadıköy, nami nikamshukuru kwa kuipanda.

Njiani sikuwa na habari. Shakwe walitufuata wakidaka vipande vya mkate hewani, mhudumu akapita na trei ya chai katika vile vibilauri vyao vyembamba kiunoni, hasira ikaanza kupoa. Tulikuwa tumeambiwa kuwa ukikaribia Kadıköy utaiona stesheni ya Haydarpaşa, jengo kubwa la mawe lenye minara miwili, limekaa karibu kabisa na maji. Nikaitafuta stesheni, sikuiona. Kilichonisogelea ni msikiti. Nikasoma bango la gati: Üsküdar. Bara nilikuwa nimelipata, ni Asia kweli. Mtaa ndio nilioukosa.

Hofu iliniingia, nisijifanye shujaa. Kwa nusu saa nilitembea ufukweni kwa haraka kama mtu anayejua anakokwenda, na nina hakika kila aliyeniona alijua kwamba sijui. Halafu nikachoka, nikakaa ngazini kwenye mawe, pamoja na watu wengine waliokuwa wakitazama mnara mdogo uliosimama peke yake katikati ya maji. Kız Kulesi, Mnara wa Msichana. Hakuna aliyekuwa akieleza chochote. Hakuna aliyehesabu dakika. Ndiyo mara ya kwanza siku ile nilipoutazama mji badala ya kuukimbiza.

Nilipoinuka niliingia duka la simu kuomba chaji. Mwenye duka, kijana wa rika langu, akaniambia, "Merhaba." Nikabaki mdomo wazi. Ameitikia shikamoo ambayo sijampa! Baadaye nilijua kuwa kwao hiyo ndiyo salamu yenyewe, mkubwa kwa mdogo, mdogo kwa mkubwa, bila kujali. Kutoka hapo masikio yakafunguka. Ukutani pana saa, nayo ni saat. Akaninyooshea vidole vitano kuniambia nisubiri: dakika. Akatafuta kalem aniandikie jina la basi. Kitabu ni kitap, sabuni ni sabun, askari ni asker, hesabu ni hesap, na ndiyo unayoomba mkahawani ukitaka kulipa. Lugha zetu mbili zimekopa kwenye ghala moja la Kiarabu, na hata baada ya Waturuki kuanza kuyang'oa maneno mengi ya mkopo katika miaka ya 1930, haya yaligoma kutoka. Niliweza kuyasoma kwenye mabango kwa sababu tangu 1928 Kituruki kinaandikwa kwa herufi za Kilatini. Siku mbili nzima nilikuwa nimepita chini ya mabango hayo nikifuata mgongo wa aliye mbele yangu, sikuona hata neno moja.

Basi la Kadıköy lilipokuja nikagusisha kadi. Mashine ikalia vibaya na kuandika: yetersiz bakiye. La kwanza silijui, la pili limejieleza lenyewe. Baki. Salio halitoshi. Nikatoa noti, dereva akanyanyua nyusi: tsk. Safari hii nilimwelewa vizuri. Mabasi yale hayapokei fedha taslimu.

Nilikuwa nimeshageuka kushuka nilipoona mkono unapita begani kwangu na kadi. Mama wa makamo, mtandio wa kijani, mfuko wa mboga mkononi. Mashine ikalia vizuri. Nikamnyooshea ile noti, akaukunja mkono wangu uifumbate tena, akasema neno moja: "Misafir."

Nilidhani ananiambia mimi ni msafiri, na ni kweli. Nilikuja kulitafuta neno hilo kwenye kamusi usiku, hotelini. Kwa Kituruki misafir ni mgeni, yule anayebisha hodi na kukaribishwa ndani. Kwa Kiarabu lilikotoka ni mtu aliye safarini, kama tunavyosema sisi. Mahali fulani njiani Waturuki wakaona msafiri na mgeni wa nyumbani ni mtu mmoja. Nimesoma vitabu kadhaa kuhusu ukarimu tangu hapo, na sijapata kilichonieleza zaidi ya mfuko ule wa mboga.

Mhadhiri alikuwa amesimama gatini Kadıköy. Hakunigombeza pale, alinigombeza hotelini, na alikuwa na haki: kwa karibu saa tatu hakujua mwanafunzi wake yuko hai au amezama. Mimi nikiwa mahali pake ningegomba zaidi.

Kwa hiyo sisemi watu wapotee ovyo. Mwenzetu mmoja wa kike aliposikia hadithi hii aliniambia kuwa ni hadithi ya mwanaume. Yeye kubaki peke yake jioni katika mji asioujua asingekuita somo. Nimelitafakari jambo hilo na sina la kumpinga. Ninachosema ni kwamba ziara ya wanafunzi isiyo na nafasi ya kukosea njia ni darasa lilelile, limehamishiwa kwenye basi. Toeni kitu kimoja kwenye ratiba. Wapeni nusu siku, mchana kweupe, wawili wawili au watatu watatu, anwani ya hoteli kwenye karatasi, simu zimejaa chaji na kadi ina salio. Wapangieni saa ya kukutana. Wasipewe kazi ya kuandika, maana ukimwambia mwanafunzi kuna ripoti ataanza kutafuta cha kuripoti na ataacha kutazama.

Najua jibu la waandaaji: muda hautoshi. Hautoshi kwa kila kitu, kweli. Birika lile la nguzo 336 tulilipita mbio kiasi kwamba nakumbuka ubaridi tu na kisogo cha mwenzangu. Lingeachwa, au tungekaa humo mpaka macho yazoee giza, moja kati ya hayo mawili.

Siku ya mwisho tulirudi Eminönü kununua zawadi. Mzee alikuwa palepale mlangoni, na koti lake. Nikamwendea, nikamwambia merhaba, nikamwuliza kwa kunyoosha kidole kwenye feri iliyofunga kamba: "Üsküdar?" Akatikisa kichwa kukubali. Hakunikumbuka hata kidogo.

Ripoti yangu ya ziara ilikuwa na kurasa 12. Nne zilihusu Hagia Sophia, na nilipata alama nzuri. Üsküdar sikuitaja.