Nani kasema vifupisho vya Emacs havifai kwa Kiswahili?

Jamaa mmoja ninayemheshimu sana kwa kazi yake ya programu kaniambia, bila kupepesa macho, kwamba abbrev-mode, sehemu ya Emacs (programu ya kuandikia matini) inayokunjua vifupisho kuwa maneno kamili, ni ya wanaoandika Kiingereza tu. Hoja yake: Kiswahili kinabandika viambishi mbele ya kitenzi, basi ukisajili shgl iwe shughulika, utaitumia lini? Nani anaandika shughulika tupu? Tunaandika wanashughulika, tutashughulika, hawakushughulika. Andika wanashgl uone: Emacs inakukodolea macho tu.

Hapo hajakosea. Kinachoniudhi ni kwamba dawa imo humohumo ndani ya Emacs, ila mwongozo umeifukia. Amri inaitwa abbrev-prefix-mark, na kitufe chake ni M-' (yaani shika Alt, bonyeza '). Andika wana, bonyeza M-', kitatokea kistari. Endelea na shgl, kisha gusa nafasi. Kistari kinafutika, linabaki wanashughulika. Rudia kwa hawaku, kwa tuta, kwa mnge. Umesajili shina moja, umepata vitenzi usivyoweza hata kuvihesabu!

Sasa fungua mwongozo. Mfano wanaokupa ni wa re kubandikwa mbele ya construction. Haya, Mwingereza anaandika reconstruction mara ngapi kwa wiki? Kwake hiyo ni chachandu. Kwetu ndiyo ugali. Nakiri, Emacs inajieleza kuliko programu nyingi: C-h k (C ni Ctrl) ikifuatwa na M-' inakupa maelezo safi kabisa. Ila ili uulize, sharti uwe unakijua kitufe tayari. Ahsanteni sana.

C-x a g na C-x a i g, amri za kusajili kifupisho, nazo zimeandikwa kama sheria ya kodi, kumbe tofauti ni ndogo: ya kwanza unaanza na neno refu, ya pili unaanza na kifupisho. Ukishaandika Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, C-u 5 C-x a g inayachukua maneno yote matano.

Kwenye viambishi tamati jamaa ana haki yake. Shughulikia na shughulikiwa, rahisi ni kuvisajili kimoja kimoja.

Lakini nyie mnaoandaa miongozo ya Emacs kwa Kiswahili, M-' iwekeni mwanzoni kabisa mwa sura ya vifupisho, na mfano uwe wa kitenzi. Hiyo re waachieni wenyewe.